Mkono Uliokata Kushoto

Nakutegea moja, na usikimbilie kujibu: mtumishi wangu hana ulimi wala meno, lakini nikimpinda shingo vibaya ananisema mbele za watu. Ni nani huyo?

Umesema punda? Punda ana meno, tena makubwa kuliko yako. Umesema mlango? Mlango hauna shingo. Basi kaa nalo kidogo, nikupeleke kituo cha polisi, maana asubuhi ile hata mpelelezi mwenyewe hakuwa na jibu, na mtu mzima wa watu alikuwa benchini anangoja kunyang'anywa leseni aliyoitunza miaka ishirini na miwili.

Mtu huyo alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la hospitali ndogo. Jina lake la nyumbani walilijua mkewe na wanawe. Wengine wote walimwita Kioo. Walimwita hivyo kwa sababu ya alivyorudi nyuma. Wenzake wakipiga rivasi walitoa kichwa dirishani kama kobe, wakapiga kelele, wakaita watu waje kuwaelekeza. Kioo alitazama kioo cha kulia, kioo cha kushoto, akageuza shingo mara moja tu, na gari likaingia mahali pake kama mguu kwenye kiatu cha zamani.

Sasa alikuwa amekaa mikono mapajani. Mbele yake alikaa mpelelezi, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye kalamu iliyotafunwa kichwa. Kituoni walimwita Mama Tena, kwa sababu ya neno lake moja.

"Tena," alisema.

"Nimeshaeleza mara mbili, afande."

"Ya tatu ndiyo yangu. Tena."

Kioo akashusha pumzi. "Jana, saa saba kasorobo mchana, nilimleta mama mjamzito. Uchungu umeshamkolea. Watu wengi wamekwenda kula. Gari nikaliacha langoni, mimi na mkunga tukamshusha kwa machela, tukamlaza kitanda cha tatu. Mkunga akanifukuza, akasema wanaume nje, lakini usiende mbali, huenda tukampeleka hospitali kubwa. Nikakaa koridoni."

"Nani alikuona koridoni?"

"Hakuna. Palikuwa patupu."

"Endelea."

"Nikasikia kishindo upande wa nyuma. Nikakimbia. Nikakuta mkia wa gari umembana mlinzi mguu kwenye ukuta wa stoo. Injini inanguruma, ndani hamna mtu. Nikaruka ndani, nikalisogeza mbele mguu utoke, nikavuta breki ya mkono, nikazima, nikachomoa ufunguo."

"Na watu walipofika wakakukuta umesimama na ufunguo mkononi."

"Ndiyo."

"Gari uliliacha langoni. Gari halina miguu. Ufunguo ulimpa nani?"

Kioo akatazama dirisha. Palikuwa na nzi mmoja pale, naye akamtazama nzi yule kama vile ndiye aliyeulizwa.

"Mzee wangu," Mama Tena alisema, akaiweka kalamu chini. "Kesho saa tatu asubuhi unapandishwa mahakamani. Mkuu wa kituo ameshaandika: dereva amerudisha gari kwa uzembe, amemvunja mtu mguu, kisha amekana. Leseni itakwenda. Huenda na wewe mwenyewe ukaenda. Neno moja tu linakutoa. Ufunguo ulimpa nani?"

"Andika kwamba sikuendesha mimi," alisema Kioo. "Hilo lingine liache."

Mama Tena akafunga daftari. Alikuwa amehoji waongo wengi, na mwongo huwa na maneno tele. Humwaga kama gunia lililotoboka. Huyu alikuwa na neno moja, na hilo moja hakulitoa.

* * *

Alianza na njia. Kutoka lango la hospitali hadi stoo ya nyuma palikuwa na kichochoro cha saruji, na kila mchana gari la wagonjwa lilirudishwa humo kinyumenyume, likalala pua ikiangalia nje ili likiitwa litoke bila kugeuza. Mama Tena alikipima kwa miguu yake. Hatua arobaini na moja. Hatua ya ishirini palikuwa na kona iliyokunjika kama kiwiko. Upana ulikuwa gari lenyewe, na viganja viwili kila upande. Baada ya kona, njia ilipanuka kiasi cha mlango wa gari kufunguka, na sakafu ikateremkia stoo taratibu. Aliweka kalamu yake chini ikabingirika yenyewe hadi ukutani.

Kwenye kona, chini ya dirisha la wodi ya wazazi, aliona vipande vyekundu vya taa ya nyuma. Akaviokota, akavitia kwenye bahasha. Akaenda kulitazama gari lilikoegeshwa. Taa iliyovunjika ilikuwa ya kushoto. Ripoti ya jana ilisema tu "taa imevunjika kwa kugonga," lakini stoo na dirisha la wodi viko mbali kwa hatua ishirini. Hakuna aliyejiuliza taa ilivunjikaje huku, na mguu kule.

Kitu kingine: stuli ya mlinzi. Mlinzi alikuwa ameandikisha kwamba alikaa kwenye stuli yake karibu na stoo, amelipa gari mgongo, akashtukia amebanwa. Stuli ilikuwa langoni, chini ya kibao cha saa za kuona wagonjwa.

"Nani ameihamisha stuli hii?" alimuuliza mkunga aliyekuwa anapita na beseni.

"Nani aihamishe, mama? Imefungwa kwa mnyororo. Iliibwa mara mbili, ya tatu tukaitia pingu."

Mama Tena akainama. Kweli, mnyororo, na kufuli lina kutu.

"Na mlinzi ameumia wapi hasa?"

"Muundi. Hapa mbele." Mkunga akajigusa chini ya goti. "Mfupa umekatika kama muwa. Mungu amsaidie."

"Mtu aliyelipa gari mgongo huumia shavu la mguu," alisema Mama Tena polepole.

"Mimi nazalisha, mama. Hayo ya migongo yaulize mwenyewe." Na mkunga akaenda zake.

Lakini kabla hajafika mbali, aligeuka. "Kama unataka aliyesikia kila kitu, nenda kitanda cha tatu. Hicho ndicho kilicho chini ya dirisha. Ila andaa masikio, huyo akianza hana kituo."

* * *

Mama wa kitanda cha tatu alikuwa ameegemea mto, mtoto mchanga amemlaza kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda mbio.

"Nilisikia, dada! Nilisikia kuliko nilivyotaka. Lile gari lilikuwa linalia kama ng'ombe. Gwuuuuu! Mimi huku nalia, lenyewe kule linalia. Nikamwambia mkunga, mwambieni huyo mwenzangu apishe, leo zamu ni yangu."

"Tena," alisema Mama Tena, kalamu tayari. "Kwa mpangilio."

"Gwuuuu. Kimya. Gwuuuu, ndefu, kama mtu anashikilia pumzi. Halafu, hapa dirishani kabisa, kitu kama mtu anavunja karanga kavu kwa meno: tak, tak, tak, tak. Halafu kioo, chwaa! Likaenda mbele kidogo. Likarudi. Gwuuu, tak, tak. Likaenda mbele tena. Nikasema hili gari nalo limekwama mlango wa uzazi. Mwishowe likapita. Halafu mlango, bup! Halafu kishindo. Halafu mtu akapiga ukelele, na huyu hapa akatoka."

Mama Tena aliandika: kishindo, mlango, ukelele.

"Sivyo nilivyosema," alisema mzazi.

"Umeona?"

"Nimesoma, dada, hata maandishi ya kichwa chini nayaona. Wewe umeandika kishindo kwanza. Mimi nimesema mlango kwanza."

Mama Tena akaacha kuandika. "Aliyeendesha aligonga, akafungua mlango, akakimbia. Ndivyo inavyokuwa."

"Labda ndivyo inavyokuwa. Sivyo ilivyokuwa."

"Ulikuwa kwenye uchungu, mdogo wangu. Mtu kwenye uchungu huchanganya."

"Nilikuwa nahesabu!" Mtoto akashtuka, mama akampapasa. "Mkunga aliniambia, usipige kelele, hesabu. Nikahesabu. Mlango ulifungwa kwenye sita. Kishindo kikaja kwenye kumi. Kumi sitaisahau maisha, maana kumi na moja sikuifikia."

Mama Tena akafuta, akaandika upya. Mlango, sita. Kishindo, kumi. Kama mlango ulifungwa kabla ya kishindo, basi gari lilipogonga halikuwa na mtu ndani. Na aliyetoka ndani alikuwa na hesabu ya nne tu ya kufika popote alipofika.

"Umemwita nani?" aliuliza akisimama, akionyesha mtoto.

"Bado. Baba yake anataka jina la babu yake. Mimi nataka la dereva aliyetuleta. Alinibeba utafikiri amebeba mayai."

* * *

Fundi aliyelitengeneza gari lile alikuwa mwanamke mwenye mvi, mikono myeusi ya grisi hadi kwenye viwiko, jina lake la kazi Bibi Spana. Gereji yake ilikuwa mtaa wa pili. Mama Tena alimkuta chini ya gari, miguu tu nje.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea sauti."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Sauti tu."

Miguu ikatulia. "Haya, ilie."

Basi mpelelezi wa serikali, mwenye cheo na mhuri, akainama kwenye gereji ya watu, akasema: "Gwuuuuu." Mteja aliyekuwa akingoja akageuza uso asicheke. "Halafu: tak, tak, tak, tak."

Bibi Spana akatoka chini akiteleza kwenye kijibao chake cha magurudumu, akakaa.

"Umelia vizuri. Ungekuwa gari ningekununua. Sasa nisikilize, mwanangu. Usukani una lugha. Ukigeuza ukasikia kwiii, kama panya amekanyagwa, huo ni mkanda umelegea. Ukipita kwenye mashimo ukasikia ko, ko, huko mbele kuna boljointi, kile kiungo kinachoshika gurudumu, au mpira umekwisha, na usichelewe, maana gurudumu litakuaga njiani. Huyo wako wa gwuuu ni pampu ya mafuta ya usukani. Na huyo wa karanga ni jointi ya ekseli, kiungo kinachozungusha tairi la mbele."

"Kwa hiyo gari ni bovu."

"Nani kasema?" Bibi Spana alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Pampu nzima nayo italia, ukiibana. Ukigeuza usukani gari limesimama, au ukiukata hadi mwisho ukaung'ang'ania pale, mafuta hayana pa kwenda. Lazima ipige kelele. Ni kama kumkaba mtu halafu umwambie mbona unakoroma. Twende nikalisikie lenyewe."

Alichukua bisibisi ndefu kama mkono. Walipofika hospitalini, alifungua boneti, akaangalia mafuta ya usukani, yalikuwa yamejaa hadi kwenye alama. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye pampu, mpini akauzika sikioni, akafumba macho. Mama Tena alikuwa ameona madaktari wakipima vifua bila utulivu ule.

"Washa," alisema. "Geuza kidogo. Rudisha. Sasa kata hadi mwisho, shikilia."

Gwuuuuu.

"Achia. Pampu hii niliifunga mimi mwaka ambao mjukuu wangu wa kwanza aliota meno. Sasa anaota ndevu. Pampu za magari mengine ya wagonjwa nabadilisha kila baada ya miaka mitatu, minne. Hii, kamwe. Unajua kwa nini? Mkono wa Kioo. Hageuzi usukani gari likiwa limesimama. Hafiki mwisho. Kila mwaka nalipanda gari hili nikitafuta cha kulaumu, nakosa."

Akaingia yeye mwenyewe, akalirudisha gari polepole uwanjani, usukani kaukata wote kulia. Kimya. Akaukata wote kushoto, akarudi tena.

Tak, tak, tak, tak.

Bibi Spana akakanyaga breki. "Umesikia? Jointi ya kulia imeanza kuchoka. Nimeshamwambia Kioo, naye akasema itafika mwisho wa mwezi, maana yeye hailizi. Ukikata kulia haisemi. Inasema ukikata kushoto tu, hadi mwisho."

Mama Tena akatoa daftari. "Tena."

"Kushoto, mwanangu. Huyo mtu wako, pale kwenye kona, alikata kushoto."

"Na kona inataka nini?"

Wote wawili wakatazama kichochoro. Ukirudi nyuma, kona ile inautaka mkia uende kulia, upande wa tangi la maji. Kushoto ni ukuta wa wodi.

"Ukirudi nyuma, mkia unakwenda unakokatia," alisema Bibi Spana. "Kulia kwa kulia. Hakuna uchawi. Huyu alikata kushoto, mkia ukaenda dirishani kwa mzazi, ukavunja taa."

"Basi hajui kuendesha."

"Asiyejua kabisa angekata kushoto, akaona, akajirekebisha. Huyu aliondoka akarudi, akakata kushoto tena. Alikuwa na uhakika." Bibi Spana akauma mdomo. "Huo ni mkono uliofundishwa. Ila ulifundishiwa kitu kingine."

* * *

Hapo ndipo mfamasia wa hospitali alipojiingiza. Alikuwa na leseni, alikuwa na gari dogo la kwake, na alikuwa amesimama mlangoni kwa muda akitoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

"Kurudi nyuma pale hata mimi naweza," alisema.

"Tuonyeshe, daktari," alisema Mama Tena, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza nafasi.

Mfamasia akaingia. Kabla gari halijasogea hata unyayo, alizungusha usukani mpaka mwisho. Gwuuuuu! Wauguzi waliokuwa wametoka kutazama wakashikana mikono. Mmoja akanong'ona: "Ni yeye!" Jasho likamtoka mfamasia shingoni. Alifika kwenye kona akakata, akabana, akakata, akabana, na pampu ikaimba nyimbo zote ilizozijua.

Lakini Mama Tena alikuwa amesimama dirishani, anasikiliza kitu kingine. Gwuuu ilikuja. Karanga hazikuja. Mfamasia alikuwa mbaya, tena mbaya sana, ila alikuwa mbaya kuelekea kulia.

"Saa saba jana ulikuwa wapi?" alimuuliza alipotoka.

"Dirisha la dawa. Watu kumi na wawili kwenye foleni, waulize!"

"Nitawauliza. Kanywe maji."

Kisha akampigia simu mkuu wa kituo, akaomba jambo moja. Mkuu akakataa. Akaomba tena. Si unajua jina lake? Saa kumi jioni Kioo aliletwa, askari mmoja kulia na mmoja kushoto.

"Lirudishe mpaka stoo," Mama Tena alimwambia. "Kama kila siku."

Kioo alilizunguka gari kwanza, akaangalia nyuma yake kama kuna mtu, akaondoa kopo lililokuwa njiani. Akakaa, akavuta kiti nyuma kidogo, akashika mlango wa gari kuhakikisha umefungwa. Kioo cha kulia, kioo cha kushoto. Aliacha gari lianze kutembea kwanza, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, ndipo mkono ukaanza kugeuka, kidogo, kama anayefungua kifuniko cha chupa ya dawa. Alianza kukata kabla kona haijafika, na akaanza kunyoosha kabla haijaisha. Shingo iligeuka mara moja. Usukani haukufika mwisho hata nusu. Matairi yalipita kati ya kuta mbili na viganja viwili vikabaki viwili. Saruji iliposhuka mteremko, gari halikujua. Lilitua mbele ya ukuta wa stoo, breki ya mkono ikavutwa, krrk, na hapakusikika kingine chochote.

Hata wale askari wawili walikuwa wamesahau kusimama kama askari. Bibi Spana alikuwa ameweka mkono kifuani. Mimi nakwambia, kuna watu wanaofanya jambo dogo vizuri kiasi kwamba ukiwatazama unaona aibu kwa mambo yote uliyoyaharakisha maishani.

Dirisha la wodi likafunguliwa. Mama wa kitanda cha tatu akachungulia, mtoto begani.

"Dada! Hilo siyo lile! La jana lilikuwa linalia. Hilo ni gari jingine."

"Ni lile lile, mdogo wangu," alisema Mama Tena. "Mkono ndio mwingine."

Haya, kitendawili changu umeshakitegua bila kuambiwa. Mtumishi wangu ni gari, na shingo yake ni usukani.

Mama Tena alimsogelea Kioo. "Nimeshajua hukuendesha. Lakini hakimu hana sikio la Bibi Spana. Ataniuliza alikuwa nani. Ufunguo ulimpa nani?"

Kioo alikuwa akiipapasa taa iliyovunjika kwa kidole.

* * *

Mlinzi alilazwa wodi ya wanaume, mguu umetiwa plasta nyeupe na kuinuliwa juu ya mito miwili. Alikuwa mtu wa maneno, na dawa ya maumivu ilikuwa imemwongezea. Mama Tena alivuta kiti. Kioo alisimama mlangoni, na askari nyuma yake.

"Pole, baba."

"Nimeshapoa, afande. Ndio ukubwa. Karibu."

"Sikuja na maswali mengi. Nataka tu kukujua. Kabla ya ulinzi ulikuwa unafanya kazi gani?"

Uso wa mlinzi ukachangamka. "Mimi? Mimi nilikuwa mtu wa mashamba ya miwa! Trekta, na tela nyuma. Miaka tisa. Tela mbili nikizifunga pamoja, narudi nazo nyuma mpaka kwenye mizani, watu wanaacha kazi wananitazama. Muulize yeyote."

"Kurudi na tela si ni sawa na gari tu?"

"Sawa!" Mlinzi alicheka mpaka plasta ikamtikisa, akakunja uso. "Afande, wewe shika kalamu yako. Tela unalidanganya. Ukilitaka kulia, unakata kushoto. Mkono unazoea, hata usingizini unakata kinyume."

"Na mkifika kwenye mteremko, mnafunga breki?"

"Breki ya trekta la zamani lile? Ilikufa kabla sijaajiriwa. Unashuka, utingo ameshaweka jiwe nyuma ya tairi, basi. Kazi ya jiwe ni ya..."

Akavuta shuka hadi kifuani.

Wodini mtu mmoja alikohoa. Mama Tena hakuandika chochote. Alitoa ile bahasha, akaviweka vipande vyekundu juu ya shuka, kimoja kimoja.

"Taa ya kushoto," alisema kwa upole. "Dirishani. Mlango wa gari ulifungwa, mtu akahesabu nne, ndipo kishindo. Stuli yako imefungwa mnyororo langoni, baba. Na mguu umevunjika mbele. Hukulipa gari mgongo. Ulikuwa umeshuka, umekwenda nyuma kuangalia limebakiza kiasi gani. Ulilitazama linakuja."

Mlinzi alitazama dari.

"Asiyeajiriwa udereva akigusa gari la wagonjwa anafukuzwa siku hiyo hiyo," alisema. "Tangazo liko pale ofisini. Na mimi na mguu huu, nikifukuzwa, nani ananichukua?"

"Najua," alisema Mama Tena. "Na yule pale naye analijua tangazo hilo. Tangu jana ameulizwa mara nyingi, na kesho saa tatu anaulizwa na hakimu." Akageuka kuelekea mlangoni. "Mzee Kioo, mara ya mwisho. Ufunguo ulimpa nani?"

Kioo alitazama sakafu. Alikunja mikono nyuma, kama mtoto anayeficha kitu. Askari aliyekuwa nyuma yake akashusha macho.

"Kaka," alisema mlinzi kutoka kitandani.

Kioo akatikisa kichwa. "Nyamaza, ndugu yangu. Pumzika."

"Nimepumzika vya kutosha." Mlinzi alijiinua kwa viwiko, plasta ikagonga chuma cha kitanda, na safari hii hakukunja uso. "Alinipa mimi, afande. Mikono yake ilikuwa kwenye machela, ufunguo akaniachia langoni. Akaniambia nilisogeze kando tu, njia iwe wazi. Kulipeleka nyuma hakunituma. Miaka sita nakaa pale langoni namtazama anavyolirudisha, nami nikataka siku moja nilirudishe kama yeye."